Je, Watanichukua, na Nitaishi Vipi Huko? Mwongozo wa Kupima Vyuo Vikuu Vyenye Ushindani Mkali

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, yanapotoka, wanafunzi wa Nairobi na wazazi wao huuliza maswali yale yale mawili kuhusu vyuo vikuu vya Marekani vinavyojulikana kwa kukataa waombaji wengi: je, alama hizi zinatosha, na je, mtoto ataweza kuishi na watu wa huko? Swali la kwanza kwa kawaida hujibiwa kwa asilimia ya waombaji wanaokubaliwa, iliyosomwa harakaharaka kwenye simu, na la pili hujibiwa kwa picha za majengo ya kale. Majibu yote mawili hupotosha. Nafasi yako inategemea kundi dogo ambalo afisa wa udahili atakuweka ndani yake, yaani wageni wenye mahitaji ya kifedha kama yako, na maisha yako huko yatategemea jinsi wiki ya kawaida inavyopita chuoni. Mambo haya mawili yanaweza kuchunguzwa ukiwa hapa hapa mjini bila kumlipa wakala hata shilingi moja.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa kidato cha nne au aliyemaliza hivi karibuni ambaye anaomba shahada ya kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya ripoti zako za muhula kuanzia kidato cha kwanza, kwa sababu vyuo hivi husoma miaka yote minne, pamoja na hati ya matokeo ya KCSE ikiwa umekwisha kuyapata. Uwe na alama ya SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, hata ikiwa ni ya mtihani wa mazoezi. Programu ya Bluebook ambayo mtihani wenyewe hufanyiwa ina mitihani kamili ya mazoezi bila malipo. Uwe na daftari au jedwali la kompyuta lenye mstari mmoja kwa kila chuo. Hati utakazosoma zina majedwali marefu yasiyosomeka vizuri kwenye kioo cha simu, kwa hiyo panga saa mbili tatu katika saiba ya mtaani au maktaba. Hatimaye, mtafute mtu mmoja atakayekuambia ukweli, ikiwezekana mwalimu aliyekufundisha na ambaye si jamaa yako.

Hatua za kufuata

1. Anza na pesa, kabla ya alama.

Keti na mzazi au mlezi wako mwandike kiasi ambacho familia inaweza kutoa kila mwaka kwa miaka minne bila kuuza shamba. Vyuo binafsi vyenye ushindani mkali hugharimu zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 10 dola inapobadilishwa kwa takriban shilingi 129. Harambee inaweza kulipa nauli ya ndege na koti la baridi, lakini haiwezi kubeba gharama ya aina hiyo mara nne.

Jibu hili hugawa vyuo katika mafungu mawili yasiyofanana hata kidogo. Katika fungu la kwanza, chuo huamua kukuchukua au kukukataa bila kuangalia kama unahitaji ufadhili, hata kama wewe ni mgeni, kisha hugharamia pengo lote kati ya ada na uwezo wa familia. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst zimo katika fungu hili kwa muda mrefu; Dartmouth na Bowdoin zilijiunga mwaka 2022, na Brown ikafuata kwa wanafunzi walioingia mwaka 2025. Katika fungu la pili, ambalo lina vyuo vingi zaidi, vikiwemo Stanford na Chuo Kikuu cha Chicago, ombi la ufadhili kutoka kwa mgeni huingia katika uamuzi wenyewe. Hii haimaanishi kwamba havifadhili wageni, kwani hufanya hivyo na kwa ukarimu. Inamaanisha kwamba mwombaji mwenye alama sawa na zako anayeweza kujilipia ana nafasi kubwa kuliko wewe.

Tahadhari: usifiche hitaji lako la kifedha ukitumaini kuomba msaada baada ya kukubaliwa. Vyuo vingi havimruhusu mgeni ambaye hakuomba ufadhili mwanzoni kuuomba baadaye, na familia hubaki na barua ya kukubaliwa isiyoweza kutumika.

2. Itafute hati ya takwimu ya chuo.

Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye kitafutaji, na utapata faili yenye sehemu zilizotajwa kwa herufi kuanzia A hadi J. Vyuo vyote hufuata mpangilio mmoja, kwa hiyo ukijifunza kusoma hati moja umejifunza kuzisoma zote. Nakili vipengele vifuatavyo katika jedwali lako: C1 kwa idadi ya walioomba na waliokubaliwa, C7 kwa mambo yanayotiliwa uzito, C9 kwa alama za SAT, B2 kwa idadi ya wanafunzi wa kigeni, H6 kwa ufadhili wa wageni, na F1 kwa maisha ya chuoni. Sehemu nyingine unaweza kuziruka kwa sasa.

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, ilhali ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Tovuti za kukadiria nafasi, zile zinazokuuliza alama na kukurudishia asilimia kwa sekunde moja, hutumia data ya Wamarekani, na hazijui kwamba wewe unaomba ukiwa Umoja au Kangemi na unahitaji kulipiwa kila kitu.

3. Tafuta kiwango cha kundi lako.

Chukua mfano wa kubuni. Chuo kimepokea maombi 30,000 na kukubali watu 1,500, yaani asilimia 5. Ukitazama jedwali la makazi ya waombaji katika C1, ambalo vyuo vingi vimeanza kulijaza katika miaka ya karibuni, unakuta kwamba wageni walioomba ni 6,000 na waliokubaliwa ni 150. Kiwango chako sasa ni asilimia 2.5, nusu ya kile kilichotangazwa. Kwa upande wa vyuo halisi, MIT hukubali karibu asilimia 2 ya wageni ilhali kiwango chake cha jumla kiko kati ya asilimia 4 na 5.

Usikome hapo. Fungua H6, ambapo chuo hueleza ni wanafunzi wangapi wa kigeni wanaopata ufadhili na wastani wa kiasi wanachopata. Takwimu hiyo inahusu wanafunzi wa miaka yote minne, kwa hiyo igawe kwa nne. Ikiwa chuo kinafadhili wageni 40 kwa jumla, hao ni takriban 10 kwa kila mwaka wa masomo, kutoka dunia nzima, na Kenya itagombea nafasi hizo pamoja na Ghana, Vietnam, Nepal na nchi nyingine zote. Tazama pia wastani wa kiasi: ukikuta dola 20,000 mahali ambapo gharama ni 80,000, chuo hicho hutoa msaada wa sehemu tu, na kwa familia isiyo na uwezo ni sawa na kukosa.

Kukiwa na pengo katika data, yaani chuo hakijajaza jedwali la makazi, tumia B2 kujua idadi ya wageni katika mwaka wa kwanza na uilinganishe na darasa zima. Makadirio hayo si kamili, lakini yanatosha kukuonyesha kama unabisha mlango mpana au mwembamba.

4. Ziweke alama zako mahali pake.

Habari njema ni kwamba maafisa wa udahili husoma maombi kwa kanda, na anayesoma ya Afrika Mashariki anafahamu kwamba A ya KCSE si sawa na A ya shule ya sekondari ya Marekani. Mwaka 2024 watahiniwa waliopata wastani wa A walikuwa 1,693 kati ya zaidi ya 960,000. Mwanafunzi mwenye A- au B+ kutoka shule ya kutwa yenye walimu wachache wa fizikia huweza kuonekana mwenye nguvu kuliko mwenye A kutoka shule yenye kila kitu, mradi mazingira hayo yameelezwa wazi katika maombi. Afisa huyo hana njia ya kujua kwamba darasa lako lilikuwa na wanafunzi 70 ikiwa hakuna aliyemwambia.

SAT haina huruma ya aina hiyo. Kipengele C9 huonyesha alama ambayo robo ya waliosajiliwa wako chini yake na ile ambayo robo wako juu yake. Kwa MIT, mpaka wa chini umekuwa takriban 1520 kati ya 1600 katika miaka ya karibuni. Mwombaji kutoka Kenya mwenye 1450 anaweza kukubaliwa mahali fulani, lakini akiwa chini ya mpaka huo anahitaji jambo jingine zito la kumwinua. Vyuo kadhaa vilivyokuwa vimeacha kudai SAT wakati wa janga la korona vimerudi kuidai, vikiwemo MIT, Harvard, Dartmouth na Brown. Pale ambapo mtihani ni wa hiari, kumbuka kwamba takwimu za C9 ni za wale tu waliochagua kutuma alama zao, na kwa kawaida hao ni wale waliofanya vizuri.

Tahadhari kuhusu kalenda: maombi ya kawaida hufungwa kati ya tarehe 1 na 5 Januari katika vyuo vingi, ilhali matokeo ya KCSE ya mwaka 2024, kwa mfano, yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025. Aliye kidato cha nne hulazimika kuomba kwa alama za makadirio kutoka shuleni, katikati ya mtihani wa taifa, akiwa bweni ambako simu haziruhusiwi. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa shule isiyo na mshauri wa maombi ya ng'ambo afadhali amalize KCSE kwanza, apumzike, kisha aombe mwaka unaofuata akiwa na matokeo mkononi. Miezi hiyo haitakudhuru ukiwa na la kueleza: kazi, kufundisha, kulea wadogo zako, hata kusimamia duka la mama.

5. Pima yale yasiyo na nambari.

Kipengele C7 hupanga mambo katika ngazi nne, kuanzia yale muhimu sana hadi yasiyozingatiwa. Kisome kwa makini, kwa sababu vyuo havifanani. MIT imekuwa ikiweka sifa za tabia ya mwombaji katika ngazi ya juu kabisa, juu ya alama zenyewe. Vyuo vingine huzingatia kama umeonyesha hamu ya kujiunga navyo, na hapo kuhudhuria mikutano yao ya mtandaoni kuna maana. Pale ambapo C7 inasema jambo hilo halizingatiwi, okoa bando lako.

Sehemu inayowaangusha waombaji wetu wengi ni barua ya mwalimu. Walimu wetu wamezoea lugha ya cheti cha kumaliza shule, ambako mwanafunzi husifiwa kuwa mtiifu, mwenye nidhamu na anayefaa kwa kazi yoyote atakayopewa. Barua ya namna hiyo, ikifika mezani mwa afisa aliyesoma barua nyingine 30 siku hiyo, haimwambii chochote. Barua inayosaidia hueleza tukio: jinsi ulivyokataa kukubali jibu la kitabu cha kemia, ukarudi maabara jioni, na kumwonyesha mwalimu kwamba kitabu kilikosea. Mwendee mwalimu wako mapema, kwa heshima, na umwachie karatasi yenye matukio matatu ambayo mliyashuhudia pamoja. «Mwalimu, naomba unisaidie na barua, na nimekuandikia hapa mambo ambayo pengine umeyasahau kwa sababu ya wingi wa wanafunzi» ni ombi ambalo walimu wengi hulipokea vizuri, kwa kuwa linawapunguzia kazi.

Kwa upande wa shughuli, fomu ya Common App, ile ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi kwa pamoja, ina nafasi 10, kila moja ikiwa na herufi 150 tu za maelezo. Usijaze vyama ulivyohudhuria mara mbili. Mwanafunzi anayechota maji na kupika kila jioni kwa ajili ya ndugu watatu ana shughuli halali, na anapaswa kuiandika pamoja na idadi ya saa kwa wiki.

6. Andika nambari yako kwa kalamu.

Sasa weka kila chuo katika fungu moja kati ya matatu. Ikiwa kiwango cha kundi lako ni chini ya asilimia 5, chuo hicho ni kigumu, hata kama alama zako ni za juu kabisa, kwa sababu wengi wanaokataliwa nao wana alama za juu kabisa. Ikiwa kiwango ni kati ya asilimia 5 na 20, na alama zako zinapita nusu ya waliosajiliwa, kiite cha wastani. Fungu la tatu ni la vyuo vya uhakika, na hapa ni lazima niseme wazi: kwa Mkenya anayehitaji ufadhili kamili, hakuna chuo cha Marekani cha uhakika. Chuo chako cha uhakika kiko hapa nyumbani.

Kwa hiyo kamilisha maombi yako ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi katika vyuo vya Kenya, kana kwamba ndiyo pekee uliyo nayo. Ili kukadiria alama za kundi la masomo (cluster), ambazo hutumika kugawa nafasi za kozi, chukua jumla ya pointi za masomo manne ya kozi hiyo uigawe kwa 48, chukua jumla ya pointi zako za masomo saba uigawe kwa 84, zidisha matokeo hayo mawili, tafuta kipeo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 48. Mwenye pointi 45 katika masomo manne na 77 kwa jumla atapata takriban 44.5. Hesabu rasmi huzingatia pia ufaulu wa kila somo kitaifa na kwa kawaida hutoa alama iliyo chini kidogo, kwa hiyo tegemea ile utakayoiona kwenye ukurasa wako wa KUCCPS. Kumbuka pia kwamba alama ya mwisho iliyochapishwa ni ya mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita, wala si ahadi ya mwaka huu.

7. Pima wiki ya kawaida.

Hapa ndipo swali la pili la wazazi linapojibiwa. Fungua F1, kipengele ambacho watu hukipita bila kukitazama. Kinaonyesha ni wanafunzi wangapi wanaoishi katika mabweni ya chuo na wangapi wamejiunga na vile vyama vya kindugu vya wavulana na wasichana ambavyo huandaa sehemu kubwa ya sherehe za wikendi. Dartmouth, iliyo katika mji mdogo wa Hanover jimboni New Hampshire, ina wanachama wengi sana wa vyama hivyo, na mihula yake ni mifupi ya takriban wiki 10, kiasi kwamba mitihani ya katikati ya muhula huanza kabla hujazoea ratiba. Columbia iko ndani ya jiji la New York, ambako ukichoka na chuo unapanda treni ukaenda zako. Zote mbili ni vyuo bora. Aliyekulia Eastleigh akizoea kelele na watu hadi usiku wa manane anaweza kunyongeka Hanover, na aliyesoma shule ya bweni kule Kapsabet anaweza kuipenda siku ya kwanza.

Baada ya F1, jiulize maswali ya nyumbani kabisa. Mabweni hufungwa wakati wa likizo ya Desemba? Yakifungwa, mgeni asiye na nauli hulala wapi na hula wapi? Kuna mahali pa kusali siku ya Ijumaa, au kanisa la kufikika kwa miguu? Kuna mtu anayejua kusuka nywele zetu umbali usiozidi saa moja, na duka linalouza unga wa ugali? Bima ya afya imo katika ufadhili? Ni wanafunzi wangapi kutoka Afrika ambao wamekulia Afrika, tofauti na waliozaliwa Marekani kwa wazazi Waafrika? Katika makao ya chama cha wanafunzi wa Afrika makundi hayo mawili hukaa pamoja, lakini upweke wao haufanani.

Hali ya hewa nayo ihesabiwe bila mzaha. Baridi ya Julai ya Limuru haikuandai chochote. Kule Boston, Desemba, jua huzama yapata saa kumi na robo alasiri, na wengi waliotoka kwetu husema kwamba giza liliwasumbua kuliko theluji. Jambo jingine, ambalo wazazi hucheka wakilisikia, ni kwamba MIT na Cornell huwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wajue kuogelea au wasome somo la kuogelea kabla ya kuhitimu.

Zingatia pia tofauti ya kipato. Utakuwa na wenzako wanaokwenda kuteleza kwenye theluji wikendi, na viza ya mwanafunzi itakuruhusu kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Uliza kama chuo humpa mwanafunzi anayefadhiliwa ruzuku ya kuanzia kwa ajili ya nguo za baridi na shuka.

8. Zungumza na walioko huko.

Ukurasa wa chama cha wanafunzi wa Afrika wa kila chuo hupatikana kwa urahisi, na Wakenya walioko huko kwa kawaida hujibu. Usiwaulize kama chuo ni kizuri, kwa sababu watakujibu kwamba ni kizuri. Waulize mambo ambayo hayana jibu la adabu. Ujumbe kama huu unatosha:

«Habari yako, dada. Nimemaliza kidato cha nne hapa Nairobi na ninatarajia kuomba nafasi katika chuo chenu. Naomba kukuuliza mambo matatu, nawe unijibu ukipata nafasi. Jumapili iliyopita ulikula wapi na pamoja na nani? Chuo kilipofungwa Desemba ulikaa wapi? Ni gharama gani uliyoilipa mwenyewe ambayo hukuitarajia? Asante sana, na kazi njema.»

Waulize wanafunzi wawili au zaidi, mmoja wa mwaka wa kwanza na mwingine wa mwaka wa tatu au wa nne. Majibu ya wa mwaka wa kwanza huwa na uchungu au shauku ya ugeni, ilhali wa mwaka wa nne amekwisha kusahau lililomliza. Linganisha.

Kwa ushauri wa ana kwa ana, kituo cha EducationUSA kilicho katika Ubalozi wa Marekani, Gigiri, huwahudumia waombaji. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004, na Zawadi Africa, unaowahusu wasichana, huwachagua wanafunzi wachache na kuwaongoza hatua kwa hatua. Soma masharti yao mapema.

9. Punguza orodha.

Common App hukuruhusu vyuo 20, lakini insha nzuri hazipatikani kwa vyuo 20. Vinane hadi kumi vinatosha, na si zaidi ya vinne viwe vile vya asilimia 2 na 3. Vilivyobaki vitoke miongoni mwa vyuo vidogo vinavyofadhili wageni vizuri na ambavyo majina yao hayajulikani kwenye matatu. Wangari Maathai alipokwenda Marekani mwaka 1960 alisomea Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha Kikatoliki cha wanawake katika mji wa Atchison, Kansas, kisha akachukua shahada ya uzamili Pittsburgh. Ni wachache hapa nchini wanaoweza kukitaja chuo hicho cha kwanza.

Tahadhari: uamuzi wa mapema unaofungamanisha, ambao kwa kawaida maombi yake hufungwa tarehe 1 Novemba, huruhusu chuo kimoja tu na hukulazimu kujiunga ukikubaliwa na kupewa ufadhili wa kutosha. Utumie pale tu ambapo hatua ya saba na ya nane zimekuridhisha.

Ukikwama

Chuo hakina Common Data Set. Baadhi ya vyuo havichapishi hati hiyo au huificha. Iandikie ofisi ya udahili swali moja lenye adabu: ni wageni wangapi wa mwaka wa kwanza waliopata ufadhili mwaka uliopita? Ofisi isiyotaka kujibu swali hilo imekwisha kukujibu.

Shule haina mshauri wala wasifu wa shule. Mwalimu wa ushauri nasaha, au naibu wa mkuu wa shule, anaweza kuijaza sehemu hiyo. Mwandalie ukurasa mmoja wenye idadi ya watahiniwa, wastani wa shule katika KCSE kwa miaka miwili, na masomo yanayofundishwa.

Ada ya maombi imekushinda. Common App ina ombi la kusamehewa ada kwa wasiojiweza, na vyuo vingi hukubali barua ya mkuu wa shule inayothibitisha hali yako. Ikiwa chuo hakikubali, kiondoe kwenye orodha bila kinyongo.

Wakala amekuahidi nafasi katika chuo kikubwa kwa malipo. Vyuo vilivyotajwa katika hatua ya kwanza havina nafasi za wakala. Usimpe pasipoti yako wala nywila ya akaunti yako ya maombi.

Alama ya SAT haipandi. Ukifanya mtihani mara ya tatu na tofauti ikawa pointi 20 tu, acha. Tumia muda huo kwenye insha kuu, ambayo ina nafasi ya maneno 650, au hamisha vyuo viwili kutoka fungu la vigumu.

Mzazi anataka jina kubwa na wewe unataka chuo kingine. Mwonyeshe safu mbili za jedwali lako, ile ya kiwango cha kundi na ile ya H6. Baba anayejua hesabu za biashara huelewa haraka anapoona ni watoto wangapi wa kigeni wanaolipiwa.

Umewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Kubali kubaki kwenye orodha hiyo, lakini thibitisha nafasi katika chuo kingine kilichokukubali kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo ndiyo siku ya mwisho katika vyuo vingi vya Marekani. Ikiwa hakuna chuo cha ng'ambo kilichokukubali na KUCCPS imekupa kozi, ripoti chuoni katika tarehe uliyopangiwa. Ukitaka kuahirisha ili uombe tena ng'ambo, peleka ombi la maandishi kwa ofisi ya usajili kabla ya kusajiliwa kwa muhula wa kwanza, na uhifadhi nakala iliyopigwa muhuri.